Kiambishi

Saa moja asubuhi, Sunderland.
Giza la Novemba bado halijatoka kitandani
nami nabeba ndoo nyeupe hadi bucha ya Ridley.
Mioyo ya kondoo kumi na mitano,
anaihesabu kama mayai, halafu anaongeza
jozi ya mapafu, bure, "ya mwalimu wako."
Kwenye basi nimeipakata ndoo.
Hakuna anayeuliza.

Mimi si mwalimu. Mimi ni wa chumba cha nyuma,
mwosha visu, mpanga trei,
mwenye ufunguo wa kabati la fomalini.
Lakini kila mwaka nasimama mlangoni
Bi Thackray anapopanda ngazi yake ile ile:
seli, tishu, ogani, mfumo.
Yeye husema tofali, ukuta, chumba, nyumba.
Mimi kwangu ni miyaa, ukili, mkeka,
maana tofali halijipindi likamshika mwenzake.

Ngazi ya kwanza wanaikwangua mashavuni mwao
kwa kijiti cha pamba. Tone la rangi, kioo juu ya kioo,
na chini ya hadubini shavu la Keeley
limetawanyika kama ukoko uliobanduliwa,
kila kipande na kiini chake, nukta ya samawati,
kila kipande hakijui kuwa ni shavu.
"Huyu ni mimi?" anauliza.
Hiki, namsahihisha kimoyomoyo. Hiki.

Kisha wembe. Moyo unafunguka,
misuli imelala ubavu kwa ubavu,
vali nyembamba kama ngozi ya maziwa,
na kidole cha Callum kinaingia kwenye mshipa
kinatokea upande wa pili. Anacheka, anapauka.
Mwisho mapafu: mpira kooni, pampu ya baiskeli,
yakaumuka, waridi, makubwa kuliko trei,
yakashusha pumzi mezani
na darasa zima likarudi nyuma hatua moja.

Ndipo yule mtoto mkimya wa dirishani, Aneurin,
akainua mkono:
"Kondoo mwenyewe yuko wapi?"

Kengele ikalia. Bi Thackray akasema swali zuri.
Viti vikakwaruza.

Naosha trei nikijibu peke yangu.
Moyo umelala. Ini limelala,
nyongo imelikalia hata leo.
Utumbo umelala, mapafu yamelala.
U, li, i, ya: kila kiungo na ngeli yake,
kila kimoja na mlango wake wa kuingilia sentensi.
Lakini viunge vyote, vitie damu, vitie joto,
na ghafla, bila mtu kuona lini,
ni *amelala*.
Ameamka. Anacheua. Amekuona.
Hiyo *a* haikatiki kwa wembe.
Nimeosha trei miaka tisa, sijaikuta hata moja.

Ila Machi ile niliisikia ikizaliwa.
Newcastle, wodi ya ghorofa ya nne.
Figo ilikuja usiku ndani ya boksi la barafu,
kutoka kwa mtu tusiyeambiwa jina.
Imefika, walisema. Imeoshwa. Imeshonwa.
Siku mbili ikanuna.
Ya tatu, kabla ya alfajiri, nesi akainua mfuko
akapiga kelele kwa Kiingereza cha kwao
nami nikaisikia kwa lugha yetu: anakojoa!
Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi.
Sijawahi kuona mkojo ukishangiliwa hivyo.
Hemedi alilia, akaomba chai.

Jioni narudi nanuka sabuni ya dawa.
Ananikwepa, anaogopa ile ndoo,
anakula kidogo chumvi, anameza vidonge vyake
kwa saa, ili mwili usimfukuze mgeni.

Usiku naweka kiganja chini ya kitovu chake, kulia,
pale palipovimba kidogo, palipo na joto.
Nataka kusema amelala.
Ulimi unateleza.
Wamelala, nasema.